Mke Mwenza Asiyekula Korosho

Ukifika Newala msimu wa korosho ukauliza ni nani anayekaanga korosho zisizoungua wala kubaki mbichi, hutaelekezwa kwingine ila kwa Mama Cyril. Jina lake la ubatizo ni Josephina, lakini hilo analisikia kanisani tu, na hata huko wakati mwingine huchelewa kuitika. Ni mwanamke mfupi, mwepesi wa mguu na mwepesi wa hasira. Marehemu mumewe alimwachia shamba la mikorosho nyuma ya nyumba, naye hakulichezea. Anaokota mwenyewe, anaanika mwenyewe, na zile za kuuza rejareja anazikaanga uani kwenye kipande cha debe kilichotobolewa matundu. Maganda yakianza kutoa mafuta moto unalipuka, moshi mweusi unatanda mpaka kwa majirani, naye anaupiga kwa konzi za mchanga huku akiugombeza: "Tulia! Tulia nakwambia!" Ukipoa, anavuta kigoda na kubangua moja moja kwa kijiti kigumu, na ukimtazama utadhani korosho zinatoka ndani ya maganda kwa kumwogopa.

Sasa hebu fikiria. Mwanamke kama huyo apate mjukuu mmoja tu hapa duniani, halafu mjukuu mwenyewe awe hali korosho. Si kwamba hazipendi. Angezipenda wapi, na zinataka kumuua?

Mjukuu anaitwa Dorika. Baba yake ndiye Cyril, mtoto wa pekee wa mama huyu, fundi pikipiki mjini Masasi. Mama yake ni Regina, mshonaji mwenye cherehani yake sokoni pale pale Masasi. Tangu Dorika akiwa wa kubebwa mgongoni, bibi yake alimwita mke mwenzangu, kama mabibi wote wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Na kwa kuwa babu alishatangulia mbele za haki, utani wenyewe ulinoga zaidi. "Njoo mke mwenzangu, wajane tukae pamoja," alikuwa akisema, na mtoto anacheka bila kujua anachekea nini.

Shida ilijulikana Dorika akiwa hajatimiza hata miaka miwili. Walikuja Newala kusalimia. Bibi akachagua korosho moja, nyeupe, nzima, haina hata doa, akaitafuna vizuri mpaka ikalainika, akamtilia mjukuu mdomoni kwa ncha ya kidole. Ndivyo alivyotafuniwa yeye na mama yake, na ndivyo alivyomtafunia Cyril. Hakuna aliyemkataza, maana nani angemkataza? Lakini chai haijachemka, midomo ya mtoto ikavimba, macho yakazibana, tumbo zima likatoka vipele. Akatapika. Kisha pumzi zikaanza kupiga mluzi.

Nyumba ikajaa watu. Huyu anasema ni degedege, yule anasema mtoto kapigwa jicho, mwingine anatafuta kitunguu, sijui cha nini. Aliyefanya la maana ni Khalfan, jirani wa bodaboda. Aliwasha pikipiki, akampakia Regina na mtoto, wakaondoka na vumbi. Hospitali waliwahi, mtoto akachomwa sindano, akarudi kupumua kama mtu. Mama Cyril aliyewafuata kwa miguu huku khanga ikimdondoka alifika akamkuta daktari kijana akiuliza, "Amekula nini kabla ya hapo?"

"Korosho," akajibu Regina.

"Basi ana mzio wa korosho."

"Ati nini?" Mama Cyril akadakia kutoka mlangoni. "Baba, hapa ni Newala! Mtoto wa hapa akataliwe na korosho?"

Daktari hakucheka. Aliwaeleza taratibu kwamba mwili wa mtoto huyu unaiona korosho kama adui aliyeingia nyumbani, unapigana nayo, na vita hiyo inaweza kumziba koo. Hata kipande kidogo tu kinatosha. Hakuna dawa ya kuuondoa mzio wenyewe. Kuna kuikwepa korosho. Akawapa dawa ya maji ya kutuliza vipele, akasisitiza kwamba wakiona uvimbe wa midomo au pumzi zinabana, wasikae kusubiri nafuu, wakimbie hospitali hapo hapo. Regina alisikiliza kila neno. Mama Cyril alisikiliza nusu. Nusu nyingine alikuwa anajiuliza kama daktari mwenyewe ana hata mtoto mmoja.

Hata hivyo aliogopa. Usidhani hakuogopa. Lililomshinda ni kuamini kwamba kitu alichokaa nacho maisha yake yote, kilichomsomesha Cyril na kuezeka paa, ndicho kimemfanyia mjukuu wake vile. Likambakia rohoni kama mwiba wa samaki.

Pasaka iliyofuata Regina alikuja na unga wake, mafuta yake na sufuria yake. Mkwe gani huyu, anakuja kwa watu na sufuria kwapani? Majirani walikonyezana. Wengine walisema wazi kwamba binti wa Masasi ana maringo. Mama Cyril akameza, akasema kimoyomoyo kwamba atamwonyesha. Akapika kisamvu safi, bila korosho. Na kwa watu wa huku, kisamvu bila korosho za kutwanga ni majani tu, lakini alifanya hivyo kwa ajili ya mjukuu. Regina akauliza mara ya kwanza, akauliza mara ya pili. Mama Cyril akaapa kwa jina la marehemu kwamba hajatia hata punje.

Hakusema uongo. Dorika akala, na kwa muda kila kitu kikawa shwari. Halafu akaanza kujikuna shingo, akakohoa, vipele vikapanda mpaka usoni. Dawa ikatoka kwenye mkoba wa Regina, Khalfan akaitwa tena, Pasaka ikaliwa kwenye benchi la hospitali.

"Mama, si uliapa?" Regina alisema waliporudi jioni, mtoto kalala begani.

"Na niliapa kweli! Sijatia! Muulize hata Mungu!"

Cyril ndiye aliyekwenda jikoni. Alikiangalia kile kinu cha mama yake, kinu kilichotwanga korosho tangu yeye hajazaliwa, akainama akanusa ndani. Akakiinamisha kuelekea kwa mama yake, naye akanusa. Kilikuwa kimeoshwa, ndiyo, na hapo ndipo kisamvu kilipotwangwa. Lakini mti ulikuwa umekunywa mafuta ya korosho miaka yote hiyo, na harufu ilimpanda puani kana kwamba zimetwangwa asubuhi hiyo. Mama Cyril akakaa chini palepale, miguu mbele, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Siku hiyo aliamini. Ila kuamini kwake kulikuwa kumechelewa, kwa sababu Regina hakumleta tena mtoto Newala.

Hawakugombana, la hasha. Simu zilipigwa, shikamoo zilitolewa, marahaba zikaitikiwa. Mama Cyril akishuka Masasi alipokewa vizuri, akapewa maji ya kuoga na chai ya maziwa. Akitaka kumpakata Dorika, anapewa sabuni kwanza anawe mpaka kwenye viwiko, naye ananawa. Jambo moja tu ndilo lililomkata maini: hakuachwa na mtoto peke yake hata mara moja. Regina akienda dukani anakwenda na Dorika. Regina akienda uani, Dorika naye uani. Mama Cyril aliona, na Regina alijua kwamba ameona, na wote wawili walizungumzia bei ya vitambaa.

Aliporudi Newala alimwambia rafiki yake Mama Mujibu, wa nyumba ya pili, "Mwenzangu, mimi ni bibi wa kutazama. Kama picha ukutani."

"Zoea," Mama Mujibu akamjibu. "Atakua."

"Akue mimi niko wapi?"

Mwaka huo Dorika alikuwa na miaka minne, na Regina alikuwa mjamzito. Hospitalini wakamwambia mtoto amekaa vibaya, atazaa kwa upasuaji katika hospitali ya misheni, na atalazwa. Cyril lazima awe karibu kumpelekea chakula na kukimbilia dawa. Dada yake Regina, Esther, mwalimu wa huko Lukuledi, ndiye aliyetegemewa kukaa na Dorika, lakini shule ilikuwa kwenye mitihani na ruhusa ikawa ngumu. Cyril alilizungushazungusha jambo lile usiku kucha, asubuhi akamwambia mkewe, "Yupo mama."

Regina aliendelea kusukuma cherehani mpaka uzi ukakatika. Kisha akachukua simu akapiga mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hali ya tumbo?"

"Nzuri. Mama, nilikuwa nataka... lakini najua ni msimu."

Na kweli ulikuwa msimu. Korosho zilikuwa zinadondoka mchana na usiku, mabibo yamezagaa chini yananuka utamu na uchachu, na asiyeokota leo, kesho anaokota zilizooza au anakuta kaokotewa. Mama Cyril alisimama katikati ya shamba lake, kapu mkononi, simu sikioni.

"Msimu upo kila mwaka," akasema. "Nakuja."

"Mama, Esther akipata ruhusa tu, atakuja kukupokea."

Alielewa. Yaani ni kwa muda, mpaka apatikane wa kuaminika. Lakini alikubali hivyo hivyo, shamba akamwachia Mama Mujibu aokote, akaingia ndani kujitayarisha. Alifua kila nguo. Alikata kucha mpaka nyama. Weusi wa mafuta ya maganda uliokaa kwenye vidole vyake miaka na miaka aliusugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa mchanga, mpaka ngozi ikawaka. Asubuhi akafika kituo cha basi bila mzigo wowote ila mfuko wa nguo. Mwanamke wa Newala, anakwenda kwa mwanawe msimu wa korosho, mikono mitupu! Wauza maandazi walimshangaa.

"Mama Cyril, umeibiwa?"

"Nimeibiwa macho ya kukutazama," akawajibu, akapanda.

Regina alimkabidhi nyumba kwa maelezo yaliyochukua asubuhi nzima. Dawa ipo hapa, kipimo chake ni hiki. Biskuti usinunue, zingine zina korosho ndani. Asile kwa jirani. Arthur wa bodaboda, huyo hapo ng'ambo ya barabara, ameshaambiwa, ukimwita anakuja. Mama Cyril alikuwa na la kujibu kila baada ya sentensi, lakini aliuma ulimi. Alipoambiwa namna ya kuosha sufuria, yeye aliyeosha sufuria kabla Regina hajazaliwa, aliuma ulimi mpaka akahisi chumvi. Mwisho Regina akambusu mtoto, akapanda gari na Cyril, akageuka kutazama nyuma mpaka gari lilipopinda.

"Haya, mke mwenzangu," Mama Cyril akasema. "Tumebaki wajane."

"Bibi, umenawa?" akauliza Dorika.

Basi maisha yakaanza, na nakwambia yalikuwa matamu. Walilala kitanda kimoja. Dorika alimfundisha bibi yake kuwasha televisheni, bibi akamfundisha kufunga khanga na kusonta kwa midomo. Kila chakula kilipoliwa simu iliita, na swali la Regina lilikuwa lile lile: "Amekula nini?" Mama Cyril anajibu ugali na dagaa, au wali na maharage, anaeleza na mafuta aliyotumia na duka alikoyanunua. Moyoni alikuwa anasema, huyu mtoto wa watu angeniacha nipumue. Lakini alijibu.

Unga ulipoisha alikwenda mashineni mwenyewe na mahindi kichwani, Dorika kamshika khanga. Mwenye mashine, mwanamume mmoja mnene aitwaye Sultani, akanyoosha mkono apokee ndoo.

"Ngoja kwanza baba. Umetoka kusaga nini?"

"Unga."

"Unga wa nini?"

"Mama, unga ni unga. Wa lishe. Mahindi, soya, karanga, korosho, yale ya kliniki."

"Korosho!" Mama Cyril akashusha ndoo chini. "Basi nisafishie mashine yako."

Sultani akacheka, foleni ikacheka. Isafishwe na nani, mashine si mtoto mchanga. Mama Cyril hakucheka. Akauliza ni nani nyuma yake mwenye mahindi matupu. Akajitokeza mmoja. "Pita." Na mwingine? "Pita na wewe." Akawapitisha wote waliokuja na mahindi matupu, wakasaga yao, wakaisafisha mashine bila kujua, yeye kasimama mlangoni kiuno kimeshikwa, akimfukuza kila mwenye karanga au korosho arudi nyuma ya foleni. Zamu yake ilipofika alisaga kwanza kopo la mahindi yake, akampa Sultani unga huo akalishe kuku, ndipo akasaga ya mjukuu. Sultani aliuliza kama huyo mtoto ni wa mfalme. "Ni mke mwenzangu," akajibiwa, na foleni nzima ikaangua kicheko, safari hii kwa upande wake.

Jumamosi simu ikaleta furaha: mtoto wa kiume, mzima, na mama yake mzima. Mama Cyril alipiga vigelegele mpaka Arthur akavuka barabara kuuliza kuna nini. Na Jumapili baada ya ibada, kama ilivyo desturi, akina mama wa kanisani wakaja kuipongeza nyumba, wamebeba wali, kuku wa mchuzi na chupa ya uji. Mama Cyril alipokea kila kitu kwa mikono miwili, akashukuru, akakipanga juu ya meza ndefu mbali na mtoto, akavifunika. Akaona amemaliza.

Kati ya wageni alikuwepo Mama Anjelina, bibi mtu mzima kuliko wote, mpole, mwenye kupenda watoto. Wakati wengine wanaimba, yeye alimwita Dorika, akafungua pindo la khanga yake. Mabibi wa huku wana kila kitu kwenye pindo, na yeye alikuwa nazo korosho za kukaanga, alizozihifadhi tangu nyumbani kwa ajili ya mtoto atakayemwamkia vizuri. Dorika akaamkia vizuri. Akapiga goti, akakinga mikono miwili kama alivyofundishwa kumpokea mkubwa.

Nyumbani alifundishwa pia kuuliza, "Hii ni nini?" Lakini kumwuliza mkubwa aliyekunjua pindo lake? Mtoto mwenye adabu hafanyi hivyo. Akabaki kapiga goti, anamtafuta bibi yake kwa macho, na korosho ya kwanza ikadondoka kiganjani.

Mama Cyril aligeuka na kuona. Maneno yote aliyofundishwa na Regina, mzio, aleji, daktari kasema, yakampotea. Alijua pia kwamba yasingesaidia. Regina aliyasema miaka mitatu kwa akina mama hawa hawa, nao walimwitikia ndiyo, ndiyo, wakitoka wanasema mtoto anadekezwa. Likamtoka neno lake mwenyewe, kwa sauti iliyokatisha wimbo.

"Mwiko!"

Mama Anjelina akarudisha mkono kama aliyegusa kaa la moto. Mama Cyril alikwishafika, akaipangusa ile korosho, akambeba Dorika mpaka kwenye maji, akamwosha kwa sabuni mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Korosho ni mwiko wake," akasema huku anasugua, pumzi zinamwenda mbio. "Haonji, hagusi, hapikiwi chakula kwenye chombo kilichozigusa."

"Mwiko wa ukoo gani?" akauliza mmoja, kwa heshima.

"Wa damu yake mwenyewe. Akionja anakufa. Mimi nilimlisha kwa kinywa changu, nikamwona anakwenda."

Hakuna aliyebisha. Kwa watu wa nchi ile mwiko haujadiliwi. Kuna ukoo usiokula mnyama huyu na ukoo usiokula samaki yule, na mwenye mwiko wake hulazimishwi kumwelewa, unamwondolea sahani tu, basi. Mama Anjelina alitoka nje, akakung'uta pindo lake mbali na mlango, akarudi akaomba sabuni naye anawe.

"Jamani, mwiko!" akasema. "Si mngesema tangu zamani? Mama yake anatuambia sijui aleji, sisi tukadhani mambo ya mjini."

Na aliyeleta uji akauchukua mwenyewe, kwa kuwa ulikuwa wa lishe, akauliza na mwiko wa karanga je, upo? Karanga hapana, akajibiwa, lakini asante mwenzangu kwa kuuliza.

Kiganjani mwa Dorika palitoka vipele vichache. Mama Cyril alimpa dawa kwa kipimo kile kile alichoonyeshwa, akamwita Arthur akae na pikipiki mlangoni, akampakata mtoto akimtazama midomo na kusikiliza kifua. Wageni wakaondoka taratibu, wakimwombea. Vipele havikupanda. Baada ya muda Dorika aliomba ashuke akacheze, akashuka, na Arthur akaruhusiwa kwenda zake. Mama Cyril alibaki amekaa pale pale.

Jioni, jua likiwa bado juu ya vilima vya mawe, simu ikaita.

Angeweza kusema wali na maharage, akaishia hapo. Mtoto alikuwa mzima, anaruka uani, na wageni walikwishaondoka. Na akisema kweli, Esther ataitwa kesho, ruhusa au hakuna ruhusa, naye atapanda basi kurudi Newala kuwa picha ukutani mpaka afe. Alijua hivyo. Aliifikiria ile Pasaka, namna alivyoapa.

"Amekula nini, mama?"

"Wali na maharage niliyopika mimi. Lakini Mama Dorika, nisikilize. Leo amegusa korosho."

Akaeleza yote. Wageni, pindo, goti, kiganja. Alieleza kosa lake, kwamba alilinda meza akasahau mapindo ya khanga za watu. Alieleza vipele vilikuwa vingapi na dawa aliitoa saa ngapi. Alieleza na mwiko, kwa sauti ndogo, akidhani atachekwa. Upande wa pili alisikia mtoto mchanga akilia kidogo, akanyamazishwa.

"Mama," Regina akasema hatimaye. "Mwiko. Miaka mitatu mimi nahubiri. Mwiko!" Akaanza kucheka, kisha ikawa si kicheko tena. Mama Cyril akashika simu kwa mikono yote miwili, akingoja hukumu.

"Daktari anasema nitakaa huku kidogo zaidi," Regina akaendelea alipopata sauti. "Esther alipiga mchana, amepata ruhusa. Nitamwambia abaki na wanafunzi wake."

"Unasemaje?"

"Asije, mama. Wewe upo." Kisha akauliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza tangu aondoke. "Na wewe, mama? Umekula?"

Mama Cyril akatazama meza. Wali wa akina mama ulikuwa umepoa, haujafunuliwa. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu chai ya asubuhi, na hakuna aliyekuwa ameliona hilo, hata yeye mwenyewe.

"Bado," akasema, na machozi yakamwagika kabla hajamaliza neno.

"Basi kula, mama. Mimi nasubiri hapa hapa kwenye simu."

Akavuta kiti, akafunua sahani, akala, na Regina akamsikiliza akila.